Fulani Katoka

Kwenye vyumba vya habari vya Tanzania neno "katoka" lina maana mbili, na mtu huzitamka zote kwa mkupuo. Uliza: fulani yuko wapi siku hizi, mbona hatumwoni mahakamani? Utajibiwa, "Yule? Katoka." Yaani kaacha gazeti. Na yaani pia katoka kimaisha: kapata shirika, anapanda gari lenye namba za DFP, na ukimpigia saa nne asubuhi yuko kwenye kikao. Sijawahi kusikia neno hilo likisemwa kwa masikitiko. Anayebaki hana neno lake. Hatusemi "kabaki". Tunasema "bado yupo", kama watu wanavyomzungumzia mgonjwa wa muda mrefu.

Mimi bado nipo. Nina miaka thelathini na sita, na kumi na mmoja kati ya hiyo nimeitumia kuandikia gazeti moja la Kiswahili nikiwa Tanga. Mwaka 2025, mwezi wa tisa, nilipewa nafasi ya kutoka. Shirika moja la kimataifa linaloshughulika na kipato cha wanawake wa pwani lilinitaka niwe afisa mawasiliano wake, makao yakiwa Dodoma, karibu na wizara. Sikufuatwa nyumbani, niliomba mwenyewe. Nilijaza fomu usiku mmoja wa mwezi wa tano, siku ambayo mshahara wa mwezi wa tatu ulikuwa ndiyo kwanza umeingia.

Barua ya ofa ilikuwa na kurasa sita. Nilipewa siku tisa za kujibu.

Nianze na hela, maana sisi watu wa fasihi tunapenda kuziweka mwisho kana kwamba hazihusiki. Gazetini, nikishakatwa kodi, NSSF na ile asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo ambayo kila mhitimu wa rika langu anaijua kwa uchungu wake, nabakiwa na laki nane na kitu. Barua ilisema milioni tatu na laki mbili kabla ya makato, bima ya afya ya familia, na posho ya kuhamia. Kwa makato ya mshahara ule, deni langu la chuo lingeisha kabla mwanangu hajajua kusoma. Mkataba ulikuwa wa miezi 24, miezi mitatu ya kwanza ikiwa ya majaribio.

Tuna boma Pongwe. Nasema boma kwa sababu halijawa nyumba: kuta zimefika kwenye lenta na masika mbili zimeshazinyeshea. Mke wangu ni mwalimu wa hisabati kwenye sekondari ya serikali, na yeye ndiye aliyepiga hesabu, nyuma ya karatasi za mtihani wa kidato cha pili. Kwa mshahara wangu wa sasa kupaua ni jambo la miaka minne, tukijibana. Kwa mshahara wa ile barua ni miezi saba. Akapigia mstari majibu yote mawili kama wanavyofundishwa wanafunzi wake, akanisogezea karatasi.

"Baba Rehema, mie sikwambii uende," alisema. "Nakwambia ujue unachokikataa."

Haikuwa hesabu ya bati tu, maana yeye asingeweza kunifuata Dodoma kirahisi. Uhamisho wa mwalimu ni kazi ya pili: idhini ya mkurugenzi wa halmashauri unayotoka, idhini ya mkurugenzi wa unakokwenda, au umpate mwalimu wa Dodoma anayeitamani Tanga mbadilishane vituo. Kwa hiyo tungeishi mbalimbali mwaka mmoja, pengine yote miwili, mimi nikipanda basi kila mwisho wa mwezi kupitia Morogoro, Chalinze na Segera. Nalo hilo alilipigia hesabu, nauli ikiwemo.

Kwa mama yangu, Muheza, nilitegemea atanililia nisiende mbali. Wapi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kazi hiyo ina bima, kisha akasema, "Usije ukawa kama baba yako, kungojea bei."

Ili uelewe uzito wa kauli hiyo inabidi nikueleze kidogo habari za mkonge. Baba alikuwa fundi wa korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge yakabaki singa tupu za kuanikwa juani. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za singa, na Tanga ndiyo iliyokuwa moyo wa biashara yenyewe: reli, bandari, klabu za wazungu, kambi za manamba, vyote vilisimama juu ya lile jani lenye mwiba. Kisha dunia ikagundua kamba za plastiki. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeanguka hadi kama tani 20,000. Mashamba yakageuka vichaka. Wenzake baba walitoka mapema, wengine wakaenda Dar es Salaam kuendesha daladala, wengine wakarudi kwao kulima mihogo. Baba alibaki. Alibaki na mashine yake, akiipaka grisi hata wiki ambazo hakukuwa na jani la kukwangua, akisema mkonge utarudi bei. Na kweli bei ilirudi, baadaye sana. Yeye hakuwepo kuiona.

Kwa hiyo mtu akiniambia kubaki ni msimamo, mimi huwa sishangilii haraka. Nimemwona mtu aliyebaki. Na nikitazama gazeti naona mkonge kila mahali. Muuza magazeti wa stendi, ambaye zamani alitandaza karatasi zake mpaka njiani, siku hizi meza yake ina chaja, vocha na karanga, na magazeti yamesukumwa pembeni. Watu husimama pale wakasoma vichwa vya habari, vilevile walivyoviona kwenye simu usiku, wakaondoka. Hata habari za uhakika wa kampuni ukiuliza wenzangu watakucheka. Tanzania Daima lilifutiwa leseni Juni 2020 na likafunguliwa Februari 2022 pamoja na MwanaHalisi, Mawio na Mseto; ukiwa umeajiriwa kwenye gazeti la namna hiyo, katikati ya tarehe hizo mbili ulikuwa unakula nini?

Siku ya tatu nilikuwa nimeshaamua kwenda. Nilichukua mpaka Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nikaisoma, nijue notisi ni siku ngapi. Siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Humo humo nikakuta kwamba kampuni ikikuondoa inakulipa mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimiza, hadi miaka kumi. Ukiondoka mwenyewe, hiyo haipo. Miaka kumi na moja, nikitoka kwa miguu yangu, natoka na cheti cha utumishi. Nikasema poa, bora hicho.

Kilichonirudisha nyuma ni mtihani wa kuandika, ambao nilikuwa nimeshaufanya na kuufaulu mwezi mmoja kabla ya barua.

Tuliitwa watu watano kwenye hoteli moja Dar es Salaam. Kila mmoja alipewa karatasi mbili na saa moja na nusu. Karatasi ya kwanza ilikuwa na maelezo ya mahojiano na mwanamke mmoja anayelima mwani. Jina limefichwa, kijiji kimefichwa. Ya pili ilikuwa mwongozo: maneno 600 kwa Kiingereza, yakipita vituo vinne kwa mpangilio, yaani maisha ya kabla, changamoto, msaada wa mradi, maisha ya sasa. Kituo cha nne lazima kiwe na kauli ya mhusika mwenyewe yenye matumaini.

Mwani naujua. Kilimo chake cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kikavuka hadi kwetu bara, na mpaka leo wengi wa wanaolima ni wanawake. Maji yakitoka sana wakati wa bamvua wanaingia baharini na kamba, wanasimika vigingi mchangani, wanafunga vipande vya mwani kimoja kimoja kwenye kamba. Baada ya wiki sita hivi wanavuna, wanajitwisha ukiwa unachuruzika maji ya chumvi mgongoni, wanauanika. Kuna spinosamu na kuna kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei, na ndiyo inayokufa bahari ikipata joto. Wengi wamebaki na spinosamu. Ukishakauka unauzwa kwa kilo, unapanda meli, na ute wake unakwenda kuzuia dawa ya meno na aiskrimu za watu wengine zisiwe majimaji.

Yule mwanamke wa kwenye karatasi alikuwa amesema mambo mawili. La kwanza, kamba alizopewa na mradi zimemsaidia, na mavuno ya mwisho yamemnunulia mwanawe sare na madaftari. La pili, mnunuzi wa mwani kijijini ni mmoja, mizani ni yake, bei anaipanga yeye. Yote mawili yalikuwa pale kwenye maelezo, sikubuni. Lakini la pili halikuwa na kituo cha kushukia. Si maisha ya kabla, maana linaendelea. Si changamoto ambayo mradi uliitatua. Nikaandika maneno 600, vituo vinne, sare na madaftari mwishoni. Ile ndiyo kazi iliyotakiwa na niliifanya vizuri. Nilipopigiwa simu kuambiwa nimeongoza, mama wa rasilimali watu alisema wakubwa wamependa sana ule mwisho.

Sasa sikia. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimeandika habari ya wanawake wa mwani wa wilaya ya Mkinga, na ilihusu hilohilo la mnunuzi mmoja. Vichwa vya habari vya gazeti letu huandikwa na dawati, Dar es Salaam, usiku, na dawati lina vitenzi vyake. Habari ilitoka na kichwa: "Wakulima wa mwani walia na bei". Wewe msomaji wa magazeti yetu unalijua hilo "walia na". Wananchi walia na maji. Walia na barabara. Walia na tembo. Ukifunga magazeti ya wiki moja ukayasoma kwa pamoja utadhani nchi nzima ina msiba.

Kesho yake saa moja asubuhi simu ikaita. Ni mmoja wa wale kina mama, mtu mzima, umri wa mama yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwandishi, nani kalia?"

Nikababaika.

"Nimesomewa hapa dukani. Imeandikwa tunalia. Wewe ulikuja hapa, ukakaa pale kwenye chanja, ukanywa na maji yangu. Uliniona nikilia? Mie nilikwambia tunataka mizani yetu wenyewe na tunataka mnunuzi wa pili. Huko ni kulia? Huko ni kudai. Waambie hao wenzio wa Dar, mtu akidai waandike kadai."

Nikawaambia. Mhariri wa zamu alicheka, kisha akanyamaza kidogo, kisha akasema sawa. Habari ya pili, wiki tatu baadaye, ilitoka na "wadai". Siku hiyo nilibipiwa. Nilipopiga, yule mama alisema basi tu, alitaka nijue kwamba ameona. Mizani ilikuja kununuliwa na kikundi chao miezi kadhaa baadaye, na sidai kwamba ni kwa ajili ya gazeti; walichangishana wao. Lakini kile kitenzi ni cha kwake. Katika miaka kumi na moja ya kazi hii sijapata mhariri aliyenifundisha tofauti ya maneno mawili kwa ukali na usahihi ule, na nimesoma Kiswahili chuo kikuu.

Usiku wa siku ya nne, barua ya ofa ikiwa mezani, nilijikuta nikifikiria kwamba yule mwanamke wa kwenye karatasi ya mtihani hawezi kunipigia simu. Nikimwekea neno ambalo si lake hatajua. Habari yake imeandikwa kwa lugha ambayo mwenye duka hamsomei mtu, inasafiri hadi kwenye ofisi ambayo yeye hajui iko nchi gani, inasomwa na mtu wa bajeti, mtu mwema kabisa pengine, anayetaka kujua kama kamba ziliwafikia. Na zilimfikia. Hilo nalo ni kweli na nisilipite haraka: kamba hazikuletwa na gazeti. Hakuna mwanamke wa mwani aliyewahi kuvuna safu yangu.

Wala nisiitakase kazi yangu. Zipo habari nilizoandika zikafia kwenye meza kwa sababu mhusika ni mtangazaji mkubwa. Ipo bahasha, ambayo tunaiita nauli hata pale ambapo mkutano uko hatua mia mbili kutoka ofisini. Gazetini sentensi yangu inakatwa pia, na mara nyingi na mtu mwoga kuliko mwongozo wa vituo vinne. Kukatwa nimekuzoea. Kilichokuwa kinanisumbua ni nani anaweza kunigombeza baada ya kukatwa.

Halafu lugha yenyewe. Niliusoma upya ule mkataba, ukurasa wa majukumu: ripoti za robo mwaka, hadithi za mafanikio, mitandao ya kijamii, vyote kwa Kiingereza. Kiswahili kilitajwa mara moja, kwenye "vifaa vya uhamasishaji". Unavijua vifaa vya uhamasishaji: fulana, kofia, mabango, na lile turubai la kuning'iniza nyuma ya mgeni rasmi. Ningekuwa mwandishi wa Kiswahili cha fulana. Na kila Julai 7, kwa kuwa UNESCO mwaka 2021 iliitangaza siku hiyo kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, ningetengeneza bango zuri sana la kukisifu. Mwaka huohuo 2021 sheria zetu zilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, na mimi ambaye nimetumia miaka nikikaa kwenye mabenchi ya Mahakama ya Hakimu Mkazi Tanga nikitafsiri kichwani nilichokisikia, nimeanza kuona washtakiwa wakiinua uso pale hakimu anapofikia sababu za hukumu. Nilikuwa naalikwa kuhamia kule ambako wao ndiyo wanatoka.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa fasihi, aliposikia haya alinicheka. Akaniuliza, Shaaban Robert alikuwa anafanya kazi gani? Swali la kunichokoza, maana mtoto yeyote wa Tanga anajua. Mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909, aliajiriwa na serikali ya kikoloni mwaka 1926 kama karani wa forodha, akahamishwa huku na huku, akaishia ofisi ya upimaji ardhi hapahapa Tanga. Mchana wake aliwauzia Waingereza, vitabu akaviandika kwa muda uliobaki, na ni vitabu zaidi ya ishirini. Na Mohammed Said Abdulla? Alipewa kusimamia Mkulima, jarida la kilimo la Zanzibar, mwaka 1958. Mzimu wa Watu wa Kale ukatoka 1960. Bwana Msa na mtemba wake wametufikia kutoka kwa mtu ambaye mchana alikuwa akishughulika na masuala ya wakulima. "Kwa hiyo," alisema rafiki yangu, "acha kujifanya mtakatifu. Chukua mshahara, andika usiku."

Hoja hiyo ilinisumbua siku mbili nzima, kwa sababu ni nzuri na kwa sababu naipenda. Nina muswada wa hadithi fupi ambao umekaa tangu mwanangu hajazaliwa. Dodoma, peke yangu kwenye chumba, jioni hazina mtu, ningeumaliza.

Ila hiyo ni hoja ya mshairi. Utenzi unaweza kuandikwa saa tano usiku baada ya forodha kufungwa. Bwana Msa anaweza kusubiri Jumapili. Mahakama inaanza saa tatu asubuhi. Baraza la madiwani linakaa mchana. Bamvua haingojei likizo yako. Maji yakitoka saa nne ndiyo saa nne, na ukitaka kumwona mwanamke wa mwani akiwa kazini inabidi uwe pale na suruali umeikunja. Chongoleani, ambako mwaka 2017 Marais Magufuli na Museveni waliweka jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, kilomita 1,443, nimekwenda mara nyingi kiasi kwamba watoto wananiita kwa jina la gazeti. Hiyo kazi huifanyi usiku baada ya kazi nyingine. Ukiiacha umeiacha, na anayekuja nyuma yako hayupo, maana gazeti siku hizi halijazi nafasi ya anayeondoka. Mwandishi wa hadithi akitoka, hadithi anaondoka nayo. Mwandishi wa habari akitoka, benchi la mahakama linabaki tupu, na hakimu analiona.

Upande wa usalama wa kazi, ambao ndio uliokuwa na nguvu kwa mama, nilikwenda kumuuliza jamaa yangu anayeujua kuliko wote. Tulianza wote gazetini. Yeye katoka mwaka 2017, kwa maana zote mbili: akawa afisa mawasiliano wa mradi wa afya uliokuwa ukilipiwa na Marekani, akajenga, akanunua gari. Januari 20, 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Kabla hata mwezi haujaisha yeye na wenzake walikuwa wameambiwa waache kompyuta mezani wasirudi kesho. Nilipokwenda kumwona alikuwa kwenye kibanda chake cha steshenari Chumbageni, anatoa kopi vyeti vya kuzaliwa. Nilidhani ataniambia nisithubutu.

"Chukua," alisema, bila kuinua macho kwenye mashine. "Ukifukuzwa utafukuzwa ukiwa umeshapaua."

Ni ushauri wenye akili kuliko wote niliopewa, na mpaka leo sina jibu lake. Kama ningekuwa nauza hoja tu, ningeshindwa na mtu wa steshenari.

Siku ya nane tulikaa na mke wangu barazani, mtoto amelala. Nikamweleza yote: vituo vinne, fulana, simu ya saa moja asubuhi. Alisikiliza kama anavyosikiliza mwanafunzi anayetetea jibu lake ubaoni.

"Kwa hiyo unachokitaka wewe ni kupigiwa simu asubuhi na kugombezwa."

"Kama hivyo."

"Na bei yake ni miaka minne bila bati."

Sikujibu.

"Basi tukubaliane kwamba tunalipa wote. Usije ukasema ni msimamo wako. Mie ndiye nitakayekaa kwenye nyumba ya kupanga."

Hakufurahi. Sitaki mtu asome hapa akadhani alifurahi. Aliweka masharti, na aliyaandika: mshahara ukichelewa zaidi ya miezi miwili mfululizo, naomba kazi nyingine bila mjadala, Jumamosi nitahariri miswada ya watu kwa malipo, na hela hiyo ni ya bati, siyo ya vitabu, na kile kiwanja cha pili tulichokuwa tunakiwazia kule Mabokweni tukisahau. Tumekibandika kile kikaratasi ndani ya mlango wa kabati. Kufikia sasa nimehariri wasifu wa mzee mmoja mstaafu wa bandari na tasnifu mbili, na tuna bati arobaini na mbili zimehifadhiwa kwa mama Muheza. Mama hakusema kitu zilipofika. Alizihesabu tu.

Niliwaandikia wale wa Dodoma siku ya tisa asubuhi. Walijibu kwa upole, wakauliza kama namfahamu mtu mwingine mwenye uzoefu. Nikawapa namba ya jamaa wa steshenari. Ameanza kazi tarehe mosi ya mwezi wa kumi na moja, na kibanda kamwachia mdogo wake.

Wiki mbili zilizopita alinitumia taarifa yake ya kwanza kwa vyombo vya habari. Mwanamke wa mwani, kamba za mradi, sare na madaftari. Imeandikwa vizuri; jamaa huyu siku zote alikuwa na sentensi safi kuliko zangu. Nikampigia.

"Ndugu yangu, hapa anauza kilo shilingi ngapi? Na wanunuzi wangapi?"

"Hiyo haimo."

"Najua haimo. Huyu mama ana simu?"

Akacheka. Nikasikia mlango ukifungwa upande wake. Kisha, kwa sauti ya chini, akaanza kunisomea namba.